Tensi Kumi na Mbili na Njia Zilizopitia

Jedwali la tensi kumi na mbili, lile la safu tatu na mistari minne ambalo karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania amewahi kulinakili, si la kale kama linavyoonekana. Wanafunzi wangu wa jioni hapa Tanga hudhani lilikuwapo tangu Mwingereza wa kwanza alipofungua kinywa. Hushangaa nikiwaambia kwamba kwa umbo la kitenzi chenyewe Kiingereza kina tensi mbili tu, ya sasa na ya wakati uliopita. Zilizobaki zote zimeungwaungwa kwa vitenzi visaidizi, na wataalamu waliokaa kuzihesabu hawakuwahi kukubaliana ni ngapi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nafundisha katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanaokuja ni watu wazima: dereva wa lori anayevuka mpaka wa Horohoro kila wiki, binti wa mapokezi hotelini, mafundi simu, na kila msimu watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia kidato cha nne. Wote huja na ombi moja, karibu kwa maneno yaleyale: "Mwalimu, nirudishie tensi." Kana kwamba walikuwa nazo wakaziangusha njiani. Ombi hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba zilitoka wapi.

Waingereza walikaa karne nyingi bila kitabu cha sarufi ya lugha yao. Mtoto wa kiume aliyepelekwa shule ya sarufi alikwenda kusoma Kilatini. Mwaka 1586 William Bullokar alichapisha kijitabu ambacho ndicho sarufi ya kwanza ya Kiingereza inayojulikana, na kielelezo chake kilikuwa sarufi ya Kilatini ya William Lily, iliyotumika kwa amri ya mfalme katika shule za nchi nzima. Bullokar alichukua vyumba vya Kilatini akakipangisha Kiingereza humo. Tatizo ni kwamba Kilatini hubadili kitenzi chenyewe. Mwisho wa neno hukueleza nani katenda, lini, na kama jambo limekwisha. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatupati taabu kulielewa hilo, maana nasi huubeba wakati ndani ya kitenzi, ila tunauweka mbele, jirani na mtendaji. Kiingereza kilikuwa kimeshaacha sehemu kubwa ya viishio vyake njiani. Vyumba vilikuwa vingi kuliko mpangaji.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa mtu wa hesabu. John Wallis wa Oxford, ambaye mwaka 1655 alitupa ile alama ya nane iliyolala inayomaanisha kisichokuwa na mwisho, na ambaye wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alilifumbulia Bunge barua za siri za upande wa mfalme, alitoa sarufi ya Kiingereza mwaka 1653. Aliiandika kwa Kilatini, kwa sababu alikusudia isomwe na wageni. Humo alisema wazi kwamba Kiingereza kina tensi mbili. Lakini Wallis huyohuyo ndiye aliyeandika kanuni ya "shall" na "will": nikijisemea mimi mwenyewe yatakayokuja nitumie la kwanza, nikiahidi au kutishia nitumie la pili, na nikimsemea mwingine nigeuze. Kanuni hiyo ilisafiri zaidi ya miaka 300 hadi ikatufikia darasani, na tulipoikosea tulipigwa fimbo. Siku hizi hata Waingereza wengi wameiacha. Sisi wa rika langu bado tunaiheshimu.

Karne ya 18 ikawa karne ya kuhesabu. Mwaka 1751 James Harris, aliyekuwa akisaka kanuni za lugha zote duniani, alipata tensi kumi na mbili, ingawa si hizi zetu: alikuwa na mafungu ya jambo linaloanza, lililo katikati na lililokamilika. Miaka kumi baadaye Joseph Priestley, mchungaji na mwalimu ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waliogundua hewa ya oksijeni, aliandika sarufi akikataa kabisa kwamba Kiingereza kina tensi ya wakati ujao. Kwake, kuilazimisha ilikuwa utumwa kwa Kilatini. Mwaka uliofuata, 1762, akaja Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London. Tabia yake ilikuwa kuwachukua waandishi wakubwa na kuonyesha walipokosea. Kitabu chake kilipendwa. William Cobbett, alipokuwa askari wa kawaida jeshini, alikinakili kwa mkono na kukikariri, akijirudia mwenyewe akiwa zamu ya ulinzi. Hapo nakiri nilijisikia vizuri, kwa sababu nimewahi kumsikia mlinzi wa usiku hapa mtaani akijiimbia vitenzi kwenye kiti chake cha plastiki.

Halafu akaja Lindley Murray. Alizaliwa Pennsylvania, akawa mwanasheria New York, na baada ya vita vya uhuru wa Marekani akahamia Uingereza, kijiji cha Holgate nje ya mji wa York. Misuli ya miguu ilimwishia nguvu, akawa mtu wa kukaa kitini. Waislamu na Wakristo wa hapa kwetu tuna watu wa aina yake: mcha Mungu, mpole, anayeombwa ushauri na kila mtu. Walimu wa shule ya wasichana ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, pale York walimwomba awaandikie kitabu chepesi cha sarufi. Mwaka 1795 kikatoka. Mwenyewe alisema wazi kwamba amekusanya kutoka kwa waliomtangulia, hasa Lowth. Kilikuwa na tensi sita zenye majina ya Kilatini matupu. Kilichapishwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki, na nakala zake zikafika mamilioni.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Wasichana wale wa York walikuwa wanasema Kiingereza tangu utotoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa lini aseme amefika na lini aseme alifika. Alilijua hilo kabla hajaota meno yote. Alichokitaka Murray ni kuwapa majina ya kile wanachokifanya na kuwaonya wasiandike kama watu wa sokoni. Kitabu chake kinataja umbo, kinalipa jina, kinakwenda mbele. Hakihangaiki sana kueleza litumike wapi, kwa kuwa msomaji wake anajua. Na mtindo huo, wa kitabu kilichotungwa kwa wenye lugha, ndio uliopakiwa melini kuletwa kwa watu wasio na lugha hiyo.

Ulipitia India. J. C. Nesfield, aliyekuwa afisa wa elimu huko, aliandika mwishoni mwa karne ya 19 mfululizo wa vitabu vya sarufi kwa wanafunzi wa Kihindi, na humo tunalikuta jedwali letu: nyakati tatu, na kila wakati una sura nne. Tatu mara nne, kumi na mbili. Katika miaka ya 1930 kikaja kitabu cha Wren na Martin, chenye mpango huohuo. Huyo Wren ni P. C. Wren, mtunzi wa riwaya ya Beau Geste ya mwaka 1924, hadithi ya vijana waliojiunga na jeshi la kigeni la Ufaransa jangwani. Sijui watu wangapi wamekariri tensi zake bila kujua kwamba mwandishi alikuwa mtunga hadithi za mapigano. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapahapa Tanga. Ina jina la mwenyewe wa kwanza kwa hati za Kigujarati, na pembeni mwa ukurasa wa tensi kuna alama za vema kwa penseli, moja kwa kila mstari. Bahari ya Hindi ilituletea vitu vingi. Na jedwali nalo lilikuja na upepo huo.

Maneno ya kulinganisha yana kisa chake, na mimi nakipenda kuliko cha tensi. Kiingereza cha kale kiliongeza kiishio tu mwishoni mwa kivumishi. Kuanzia karne ya 13 hivi ikaja njia ya pili, ya kutanguliza neno "more", na kwa muda mrefu watu walichagua walivyotaka, hata kuzitumia zote mbili kwa pamoja. Shakespeare alifanya hivyo bila aibu. Katika tamthilia ya Julius Caesar, pale Antony anapowaonyesha watu jeraha alilolitia Brutus, amempa maneno yenye ulinganisho wa mara mbili. Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hiyo mara ya kwanza mwaka 1963 kisha akairekebisha ikaitwa Juliasi Kaizari, alikuwa mwanafunzi wa Tabora kuanzia 1937, zama za mitihani ya Cambridge. Kijana wa Tabora angeiandika sentensi hiyo kwenye insha yake, angechorewa mstari mwekundu.

Na kosa hilo lilikuwa la nani? Ben Jonson, rafiki na mshindani wa Shakespeare, katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1640 baada ya kifo chake, aliusifu ulinganisho wa mara mbili kuwa ni ufasaha, kitu cha kujivunia kama Wagiriki wa Athene walivyojivunia kauli zao. Mwaka 1762 Lowth akasema ni kosa. Akaruhusu mahali pamoja tu: katika Zaburi za tafsiri ya zamani, Mungu anapotajwa kuwa Aliye Juu, maana huyo, kwa maoni ya Lowth, anastahili kuzidishiwa. Ndivyo kauli ilivyotoka kwenye sifa ikaingia kwenye makosa ndani ya miaka 122, bila lugha yenyewe kuulizwa.

Kisha walimu wakapanga kwa silabi: neno fupi lipewe kiishio, neno refu litangulizwe "more", na maneno ya silabi mbili yakabaki yanayumba hadi leo. Kwetu sisi njia ni tofauti. Twasema kuliko, twasema kushinda, twasema kuzidi; kivumishi hakiguswi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anapolipata lile neno "more" hulishika kwa mikono miwili, kwa kuwa linafanya kazi anayoifahamu, kisha akakumbuka kiishio alichofundishwa, akakiweka nacho kwa usalama. Binti wa mapokezi alikuwa akiwaambia wageni kwamba chumba cha nyuma ni "more cheaper".

"Mwanangu," nikamwambia, "ungekuwa London mwaka 1600 wangekusifu. Kwenye usaili wa kazi watakukata."

"Basi nimechelewa kuzaliwa, Mwalimu."

Njia ya pili ya Kiingereza kutufikia ilipitia Tokyo. Harold Palmer, Mwingereza aliyekuwa akifundisha lugha Ubelgiji mpaka Wajerumani walipoivamia mwaka 1914, alirudi London akafundisha chuo kikuu, na mwaka 1922 akaenda Japani kuishauri serikali juu ya ufundishaji wa Kiingereza. Alikaa huko hadi 1936. Palmer hakuwa na wasichana wa York. Mbele yake walikuwa Wajapani, ambao lugha yao haina undugu wowote na Kiingereza, kwa hiyo swali la lini umbo litumike hakuweza kulikwepa. Mwaka 1925 yeye na binti yake Dorothée walitoa kitabu cha kufundisha kwa vitendo. Mwalimu anasimama, anatembea kuelekea mlangoni huku akisema anachofanya, anafungua, anasema, mwanafunzi anafuata.

Mfuasi wake, A. S. Hornby, alikwenda Japani mwaka 1924 na huko akatengeneza kamusi ya wanaojifunza, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 vita vikiwa vimepamba moto. Oxford waliichapisha upya mwaka 1948, na vizazi vyake ndivyo vilivyojaa kwenye makabati ya shule zetu. Ukilifungua neno humo unaonyeshwa linavyokaa katika sentensi. Aliyeitunga alikuwa anamfikiria mtu asiyejua.

Matendo ya Palmer yalisaidia kueneza ile desturi ya kuanza na tensi ya jambo linaloendelea, kwa sababu ndiyo inayoonyesheka. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikuwa na kitabu cha mtindo huo. Nilikuwa darasa la pili Azimio la Arusha lilipotangazwa, na mwaka huohuo wa 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi nchi nzima, Kiingereza kikabaki somo. Mwalimu alisimama akasema, "I am standing." Akakaa akasema anakaa. Sisi watoto sitini tukasimama na kukaa pamoja naye, vumbi likapaa. Tulifurahi sana. Lakini fikiri: ni lini umewahi kumsikia mtu timamu akiutangazia umma kwamba amesimama? Hiyo tensi ilituingia mno, na hadi leo nasikia watu wazima waliosoma vizuri wakisema wana-"know" na wana-"have" kwa mwendo wa kuendelea, kana kwamba kujua ni kazi ya kutoka jasho.

Kenya walichukua mkondo wao. Kuanzia mwaka 1957 kituo maalumu kilichoundwa Nairobi kilianza kutengeneza kozi ya kumfundisha mtoto masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ndiyo iliyokuja kuitwa New Peak. Mtoto wa Kenya alikutana na tensi ndani ya hesabu na hadithi. Sisi tulikutana nazo ndani ya kipindi cha Kiingereza. Dereva wangu wa lori anaijua tofauti hiyo kila anapovuka kwenda Lunga Lunga, upande wa Kenya.

Kwetu kazi ilibaki kwa shule ya sekondari, ambako kila kitu kiligeuka Kiingereza siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Tulijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mtihani wetu wenyewe ukalirithi jedwali. Si ajabu. Jedwali ni rahisi kutungia swali na rahisi kusahihisha: mabano, kitenzi, nafasi ya kujaza. Kumpima mtu kama anaweza kumweleza daktari maumivu yalianza lini kunataka muda na mtahini mwenye subira. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi sana wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kufuata masomo yao. Tume ya Makweta juu ya elimu ilikuwa imeshapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ifundishe kwa Kiswahili. Serikali haikulifuata hilo. Ukaja mradi wa msaada wa Uingereza mwaka 1987, ukaleta masanduku ya vitabu vyembamba vya hadithi, vyenye maneno machache yaliyochaguliwa. Nilikuwa mwalimu kijana. Kwa maoni yangu, vile vijitabu, pamoja na kurasa zake zilizochomoka na kurudi zikiwa na mafuta ya maandazi, vilifundisha tensi zaidi ya jedwali langu. Mtoto alizikuta zikifanya kazi.

Dereva ndiye aliyeniuliza swali ambalo wengine huogopa. "Mwalimu, kwa nini 'go' inakuwa 'went'? Wameitoa wapi hiyo?"

Wameiazima. "Went" ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, "wend", kilichomaanisha kushika njia. Kitenzi cha kwenda kilikuwa na umbo lake la kale, likafa, na kufikia karne ya 15 la jirani likawa limekaa mahali pake. Vingine vingi visivyofuata kanuni ni mabaki ya utaratibu uliokuwa na kanuni zake. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi takriban 300 vilivyobadili irabu ya katikati kuonyesha wakati uliopita. Vingi vilitoweka au vikasalimu amri na kuchukua kiishio cha kawaida: "help" kilikuwa kimojawapo, na umbo lake la zamani bado limo katika Biblia ya mwaka 1611. Vilivyosalimika ni vile vinavyotumika kutwa: kula, kunywa, kuja, kutoa. Ulimi unaovirudia kila siku hauvisahau, na mtoto huvisikia mapema mno kiasi cha kutovirekebisha. Kiswahili hakikuepuka hilo. Amri zetu zilizoasi ni njoo, nenda na lete, si za vitenzi vya nadra.

"Kwa hiyo ile karatasi ya manila tuliyokariri," dereva akasema, "ni orodha ya vitenzi vya lazima."

Ndiyo. Hakuna aliyeniambia hivyo nilipokuwa namwimbia mwalimu wangu vitenzi hivyo kwa korasi ya safu tatu, na mimi sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu mpaka nilipostaafu na kupata muda wa kusoma.

Jambo moja zaidi, kwa wale wanaodhani jedwali ni msahafu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza aliyetaka kusema nyumba inajengwa alisema, kwa maneno ya lugha yake, nyumba inajenga, na kila mtu akaelewa kuwa nyumba haishiki mwiko. Umbo tulilofundishwa sisi, "is being built", lilikuwa limeanza kuenea tu mwishoni mwa karne ya 18, na wakosoaji walilishambulia kwa miongo mingi kuwa ni uchafu. Lilishinda. Leo lipo katika kila kitabu cha mazoezi, pamoja na English Grammar in Use cha Raymond Murphy cha mwaka 1985, ambacho vivuli vyake vinauzwa kwenye vibanda vya kuchapia karibu na kila chuo. Nakisifu kitabu hicho kwa sababu moja: upande mmoja maelezo ya matumizi, upande wa pili mazoezi, na majina ya tensi hayapewi kiti cha mbele.

Ubaoni kwangu nimelipunguza jedwali. Dereva na binti wa mapokezi wanapata saba, kwa mpangilio wa kazi zao: yanayotokea kila siku, yaliyokwisha jana, yaliyokwisha lakini athari zipo, yajayo, na kadhalika. Ile ya mwisho kabisa, ya jambo ambalo litakuwa limekuwa likiendelea hadi saa fulani ijayo, sijaona mtu anayeihitaji mapokezi wala mpakani. Watahiniwa wa kidato cha nne nawapa zote kumi na mbili, kwa ada ileile.